Nguo Nilizozitoa kwenye Mfuko wa Espe

Nyinyi saba mnaokwenda Uswidi likizo hii ya mwezi wa sita, kaeni nami kidogo. Kocha Lindiwe ameniomba niwaandikie ukurasa mmoja kuhusu vitu vya kufunga. Ukurasa mmoja hautatosha, na yeye anajua. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ninachokiandika bila kukwama, na kwa sababu wanne kati yenu mnatoka kwenye nyumba zinazokisema. Najua mnakisikia, ila mkijibu mnajibu Kiingereza au Kizulu. Sharp, si neno. Mpeni mama asome kwa sauti, nyinyi msikilize, halafu muwaeleze wenzenu.

Mimi ndiye Athumani, yule mnayemwita Malume, yaani mjomba. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa mashua pale klabuni kwetu bwawani, mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa, nikaja kukaa Midrand kwa binti yangu. Nimekwenda na timu za vijana Uswidi mara tatu, Denmaki mara moja na Ufini mara moja. Kila mara kazi yangu ilikuwa ile ile: kutunza mashua, kukarabati kilichovunjika, na kuhakikisha kila mtoto aliyeondoka Johannesburg anarudi Johannesburg akiwa na vidole vyake vyote.

Kwanza nikiri jambo ambalo wazazi wenu wengi hawalijui. Nilipoajiriwa sikujua chochote kuhusu mashua. Nilikuwa seremala. Niliitwa kutengeneza sakafu ya ukumbi iliyoliwa na mchwa, na mwenyekiti wa wakati huo akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanga. Kumbe aliwahi kusikia kwamba Tanga ni bandari, na mtu mwingine aliyekuwa pale akamwambia kwamba neno hilo kwa Kiswahili ndilo jina la kile kitambaa kinachoshika upepo. Basi, mambo yakaisha hapo hapo. "Huyu ni mtu wa bahari," akasema, na Jumatatu nikakabidhiwa karakana. Mimi natoka Korogwe. Korogwe hakuna bahari, kuna mkonge na kituo cha mabasi. Lakini nilikuwa na watoto wawili na chumba cha kupanga Yeoville. Nikanyamaza.

Nilijifunza kwa kufungua na kufunga. Mashua ikiletwa imepasuka, naibomoa zaidi ili nione ilivyojengwa, halafu naijenga upya. Mlingoti ukipinda, naunyoosha na kuuvunja, kisha naomba msamaha na kununua mwingine. Baada ya miaka mitatu nilikuwa fundi kweli. Tatizo ni kwamba nilishazoea kujibu. Mtu akiniuliza jambo lolote lenye maji ndani yake, mimi nilikuwa na jibu kabla hajamaliza swali. Mara nyingi nilipatia, na kupatia kunalevya.

Sasa twende kwenye baridi, maana ndiyo itakayowauliza maswali.

Baridi yenu mnaijua. Asubuhi ya mwezi wa saba, mnafika bwawani maturubai ya mashua yamekakamaa kama ubao kwa barafu nyembamba, pumzi zinatoka kama moshi, mnapiga kelele eish, eish. Ikifika saa tano jua limetoka, mmevua majaketi. Hiyo ni baridi kavu. Inakaa nje ya mwili na kusubiri jua liifukuze. Ya Uswidi, hata kiangazi, inatoka majini. Inaingia kwenye nguo kwanza, halafu inaingia kwako, na jua likitoka halina habari nayo. Unaweza kuwa na jua usoni na huku mikono haiwezi kufunga fundo.

Mwaka wa safari yetu ya kwanza hilo sikulijua. Na niliulizwa.

Katika timu ile alikuwepo msichana wa miaka kumi na minne, Esperance, sisi tukimwita Espe. Mama yake ni msusi kutoka Bukavu, ana saluni Yeoville hadi leo. Espe alianza kuja klabuni na mradi wa shule, akapanda mashua ya mtu mmoja, na wiki ya pili alikuwa anawapita watoto waliozaliwa wakiwa na bwawa nyuma ya nyumba. Kumpatia karatasi za kusafiria ilikuwa kazi, kwa sababu wazazi wake waliingia nchi hii kama wakimbizi. Kwa hiyo shika hili, wewe ambaye familia yako ina karatasi za namna hiyo: anza mapema kuliko wenzako wote, mapema mpaka uonekane una wasiwasi wa bure. Na nyote, wenye karatasi za aina yoyote, mtahitaji barua ya wazazi wote wawili yenye muhuri, na cheti cha kuzaliwa kile kirefu chenye majina ya wazazi. Viwe mkononi, visiwe kwenye mfuko unaoingia tumboni mwa ndege.

Jumamosi ya kufunga mizigo, Mama Espe alifika karakana na mfuko umevimba. Niliufungua juu ya meza yangu. Juu kabisa kulikuwa na sweta mbili nene za sufu, soksi za sufu jozi nne, kofia ya kufuma na fulana ndefu ya ndani iliyowasha ukiigusa tu. Nikacheka. Namwona bado, amesimama na mkoba wake kwapani, ananitazama nikicheka.

"Mama Espe, huko ni kiangazi sasa hivi."

"Kiangazi ya wazungu haiko kiangazi yetu, Baba Athumani."

"Mfuko utazidi uzito. Na timu imeshonewa hudi nzuri zenye kofia, kila mtoto mbili. Tazama, zina jina la timu mgongoni."

Akaishika hudi, akaisugua kati ya vidole. "Hii ni pamba."

"Ni pamba nzito."

"Pamba ikilowa, inakuwa nini?"

"Juu yake watavaa jaketi la plastiki. Hailowi. Niamini, mama. Mimi ni mtu wa bahari."

Akairudisha hudi mezani, akasema sawa, kama mimi ndiye ninayejua, sawa. Nikatoa sweta, soksi, kofia na ile fulana inayowasha, nikaziweka juu ya rafu ya makopo ya rangi. Mfuko wa Espe ukafungika vizuri. Nilijisifu kabisa kwa ulivyofungika.

Tulifika Uswidi siku ya Ijumaa, mkesha wa sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Hilo nalo liandikeni. Siku hiyo na kesho yake, kwenye miji midogo ya pwani, usitegemee kununua kitu. Watu wote wameenda kucheza kwa kuzunguka nguzo yenye maua, wakila samaki wa siki na viazi vidogo. Hata spaza moja, kiduka cha mtaani, ya kukuuzia jozi ya soksi hutaipata. Kile ulichokuja nacho ndicho ulichonacho. Kocha Lindiwe yeye alikuwa amepungukiwa tayari, maana biltong yake yote, ile nyama ya kukaushwa, ilichukuliwa uwanja wa ndege. Nyama haiingii kule, wala maziwa, hata ulie vipi. Yeye alilia kidogo.

Tulilala kwenye nyumba ya klabu ya wenyeji wetu, juu ya magodoro sakafuni. Ukiingia nyumba yoyote kule, unavua viatu mlangoni. Mimi niliingia mbele ya watu ishirini nikiwa na soksi iliyotoboka dole gumba. Kwa hiyo soksi nzima, tafadhali, kwa heshima ya klabu. Na chukueni kitambaa cha kufunika macho, maana jua linakataa kulala, na dirisha lao lina pazia jepesi kama wavu. Sisi tuliziba dirisha kwa mifuko ya matanga. Wale mnaoswali, ulizeni nyumbani kabla hamjaondoka kuhusu nyakati za sala za kule. Mimi niliisubiri magharibi ile ya kwanza mpaka nikadhani imesahauliwa.

Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi. Upepo ulikuwa mkali, maji rangi ya risasi. Waliniweka kwenye boti ya uokoaji pamoja na mama mmoja aitwaye Birgitta, mtu wa miaka sitini hivi, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuwa mfupi, na suruali yake ya sufu ilikuwa na viraka magotini. Nilimdharau kidogo kwa viraka vile. Alizungumza Kiingereza cha polepole kilichonyooka, nasi tukaelewana.

Espe alipinduka mara ya kwanza akainuka. Akapinduka mara ya pili. Safari hii tulimwona anapanda juu ya ubao wa chini, ule unaochomoza tumboni mwa mashua, ili aigeuze, anateleza, anapanda tena, anateleza. Birgitta akashika usukani ageuze.

"Mwache," nikasema. "Yule ni mwenye nguvu kuliko wote. Amezoea."

"Amezoea maji haya?"

"Amezoea."

Kwa mbali Espe akainua mkono, akaonyesha kidole gumba. Nikamwambia Birgitta, umeona? Birgitta alimtazama kama mtu anayesoma hesabu ya mwanafunzi akiona kuna mstari uliokosewa. Kisha akasema, "Hashiki tena kwa vidole. Anashika kwa viwiko," akatia moto injini bila kuniuliza.

Tulipomfikia, midomo yake ilikuwa ya kijivu. Tulimvuta ndani, mimi kwapa hili, Birgitta kwapa lile. Nikamuuliza, "Espe, unasikiaje?" Akanijibu kitu, maneno yakiwa mazito kama ya mtu mlevi. Chini ya jaketi la plastiki ile hudi nzuri yenye jina la timu ilikuwa imekunywa maji mpaka imekuwa nzito kama mfuko wa simenti. Maji yalikuwa yameingilia shingoni na mikononi. Na jambo ambalo sikulielewa ni kwamba mtoto hakuwa akitetemeka.

Nikamshika mikono nikaanza kuisugua kwa nguvu. Ndivyo tunavyofanya, sivyo? Birgitta akanipiga kofi mkononi, kofi la kweli.

"Usisugue. Mlaze. Mvue vilivyolowa, polepole."

Alikuwa na mfuko usioingiza maji chini ya kiti. Ndani yake kulikuwa na blanketi, sweta ya sufu na kofia. Tulimvua Espe jaketi na hudi, tukamkausha kwa kugusagusa tu, tukamvika sweta ile na kofia, tukamzungushia blanketi. Birgitta akampigia simu mtu wa pwani huku akiendesha kwa goti. Mimi nilikaa chini kwenye maji ya boti, kichwa cha Espe mapajani pangu, nikimwita jina lake, nikimwambia anitajie majina ya wadogo zake. Alitaja wawili. Wako wanne. Nikamwambia rudia. Sijawahi kuomba Mungu kwa namna ile, nikiomba mtoto akumbuke jina la Josué na la Gloire.

Tulipofika gatini ndipo akaanza kutetemeka, meno yakigongana. Nikadhani amezidiwa. Birgitta akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sasa ni vizuri," akasema. "Mwili umeamka." Gari la wagonjwa lilikuja. Muuguzi akampima, akakaa naye muda mrefu, akasema hahitaji kwenda hospitali, ila abaki ndani, anywe kitu kitamu cha uvuguvugu, asiingie maji ya moto bafuni mpaka arudi sawa kabisa. Espe alikunywa maji ya zabibu nyeusi yaliyopashwa, vikombe vitatu. Kisha akasema, "Malume, Josué na Gloire. Nilikuwa najua." Nikatoka nje.

Birgitta alinikuta nyuma ya banda la mashua. Hakuniambia pole. Aliniuliza, "Nani aliwachagulia nguo za pamba?"

"Mimi."

"Umewahi kuendesha mashua kwenye maji baridi?"

Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lililonyooka namna hiyo. Nikamwambia hapana. Nikamwambia natoka mji usio na bahari, na kwamba bahari yenyewe nilikuwa nimeiona mara chache kuliko yeye alivyoona theluji. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema twende. Tukapanda gari lake mpaka kwake. Maduka yote yalikuwa yamefungwa, lakini darini kwake kulikuwa na masanduku mawili ya nguo za watoto wake waliokwishakua: fulana za sufu, soksi, kofia, glavu, vyote vinanuka kabati na sabuni ya zamani. Tukaijaza buti ya gari. Njiani alinifundisha kama mwanafunzi wa darasa la tano, na mengi ninayowaambia nyinyi leo niliyapata kwenye safari ile ya dakika ishirini.

Fulana ya ndani iwe sufu, hata nyembamba, kwa sababu sufu ikilowa bado inakupa joto, na pamba ikilowa inalinyonya joto lako. Suti ya mpira ya kuvaa majini iwe ndefu, ifike kwenye vifundo, siyo zile fupi za magotini mnazovaa hapa mwezi wa kwanza. Kofia mbili, kwa sababu moja itaenda na upepo. Nguo kavu kamili, kuanzia chupi, ndani ya mfuko usioingiza maji, ikae kwenye boti ya uokoaji, isibaki chumbani. Chupa ya chai yenye sukari. Na mkoba laini badala ya sanduku gumu, maana mtakapolala hakuna pa kuweka sanduku. Ukitembea kwenye majani marefu, jikague miguu na nyuma ya magoti, kuna kupe wadogo kama punje ya ufuta. Mafuta ya jua pia, msicheke, jua linaruka kutoka majini na kuwababua kidevu.

Nirudi kwenye Jumamosi ile. Simu ya Mama Espe ilikuja jioni, jua likiwa bado juu kama saa tisa. Kocha Lindiwe alinyoosha mkono aipokee. Nikamwambia hapana, hii ni yangu.

"Baba Athumani? Espe hajibu message zangu. Iko wapi?"

Nikamweleza, tangu kupinduka mpaka muuguzi. Sikuruka kitu. Nikamwambia na habari ya sweta.

"Ulizitoa?"

"Nilizitoa."

"Ziko wapi?"

"Karakana, kwenye rafu ya makopo ya rangi."

Nyuma yake nilisikia mashine ya kukausha nywele ya saluni, halafu nikasikia inazimwa.

"Njo kusema ulikuwa unanicheka."

"Nilikucheka, mama. Na sikuwa najua. Mimi si mtu wa bahari. Nilisema najua, nawe ukaniamini. Nisamehe."

"Mupatie simu mutoto."

Walizungumza kwa muda, Kiswahili chao na Kifaransa, Espe akicheka mahali fulani, mahali pengine akifuta macho. Kisha simu ikarudi kwangu.

"Anasema anataka kurudi kwa maji kesho kutwa. Wewe unasema nini?"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kujibu. Nikaufunga. "Sijui," nikasema. "Ngoja nimuulize Birgitta na yule muuguzi."

"Ehee," akasema Mama Espe, taratibu sana. "Muulize. Na umwambie ule mama aksanti."

Muuguzi aliruhusu, Birgitta akaruhusu, na siku ya tatu Espe alirudi majini amevaa sufu ya watoto wa Kiswidi mpaka shingoni. Alimaliza wa tatu kutoka mwisho. Alifika gatini anatetemeka vizuri, ana njaa, amekasirika kwa kushindwa. Sijawahi kuona matokeo mabaya yakinifurahisha vile. Mwaka uliofuata tulikwenda tena na akamaliza katikati ya kundi. Leo Espe anafanya kazi kwenye kampuni ya mizigo hapa Midrand, na Jumapili upepo ukiwa mzuri bado anaonekana bwawani. Anasema siku ile haikumbuki vizuri, ila harufu ya ile sweta anaikumbuka.

Tuliporudi, nilitoka uwanja wa ndege nikapitia karakana, nikachukua nguo zote kwenye rafu, nikaenda nazo saluni. Mama Espe alikuwa anasuka. Alinionyesha benchi kwa kidevu. Nilikaa na sweta mapajani mpaka akamaliza vichwa vitatu, wateja wakiniuliza mimi ni nani na ninasubiri nini, na yeye akiwajibu, "Huyu? Huyu anajifunza." Mwishowe akanawa mikono, akachukua nguo zake, akazikunja moja moja.

"Mwaka kesho," akasema, "mifuko nitaangalia mimi."

Na ndivyo ilivyo hadi leo, hata baada ya mtoto wake kukua na kuacha mashindano. Mimi naleta orodha, yeye anakagua. Hatujapeleka mtoto hata mmoja kule akiwa na pamba mwilini tangu wakati huo.

Kwa hiyo Jumamosi saa tatu asubuhi, karakana, mifuko yenu ikiwa wazi. Msifunge zipu, Mama Espe atazifungua tu. Mimi nitakuwepo kwenye kiti, kwa sababu ya magoti. Atashika kila fulana mtakayomwambia ni sufu, na akiwa na shaka atachomoa uzi mmoja, ataugusisha kiberiti, na kuunusa. Sufu ya kweli ikiungua inanuka kama nywele zilizoungua, na katika mji huu wote simjui mtu anayeijua harufu hiyo kumshinda yeye.

Akikuuliza swali na jibu huna, sema huna. Hatakucheka. Atakusogezea kiti ukae, aanze kukuonyesha.